Muhali wa alfajiri: mwenzako wa mbio anakufaa wapi, na anakuponza wapi

Ukipita viwanja vya Maisara, hapa Unguja mjini, kabla jua halijatoka, au ukishika barabara ya Mazizini kwenda Chukwani, utawakuta wakimbiaji wengi wakienda wawili wawili. Wapo wa peke yao, na hedifoni zao masikioni, lakini hao ni wachache. Waulize hao wawili wawili kwa nini kila mtu asijikimbilie kwa wakati wake, na jibu la wengi ni moja: "Peke yangu sitoki."

Jibu hilo linahusu mlango wa nyumba, halihusu barabara, na watoao ushauri wanalipita juu juu. "Tafuta mtu wa kukimbia naye" tunaambiwa na daktari, na mwalimu wa mazoezi, na jirani aliyepunguza tumbo, na kila mmoja ana sababu yake. Huyu anasema mwenzako atakupa moyo, yule atakuongezea kasi, wa tatu mtapiga soga njia isionekane ndefu. Yote yapo, ila si mambo ya aina moja, hayamfai kila mtu, na mengine yakizidi humtoa mtu kwenye mazoezi badala ya kumweka. Ndiyo maana wapo waliopata mwenzao wakaendelea miaka, na wapo waliopata mwenzao wakaacha mwezi wa pili wakiuguza goti.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya mwenzako inakwisha kabla hamjapiga hatua ya kwanza.

Nina majirani wawili, mtu na wifi yake. Mkubwa aliambiwa hospitali kwamba sukari yake inapanda na hana budi kuushughulisha mwili. Usiku, baada ya isha, mdogo hutuma ujumbe: "Wifi, kesho saa kumi na moja na nusu, kibarazani kwako." Alfajiri, wakishasali kila mtu kwake, mdogo huja akakaa kibarazani na ushungi wake na raba zake. Hagongi mlango kwa kuwa watoto wamelala, hukohoa tu. Ndani husikika kabati linafunguliwa, kisha sauti ya chini: "Nakuja wifi yangu, natafuta soksi." Mara anatoka, uso bado una usingizi, soksi moja nyeupe na moja ya kijivu.

Angekuwa peke yake, soksi ile isingetafutwa. Angesema leo zimepotea, kesho inshaallah, akarudi kitandani. Kilichomtoa si hamu ya kukimbia, wala si hofu ya sukari, maana hofu hiyo alikuwa nayo tangu siku ile ya hospitali na haikumtoa. Kilichomtoa ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu: wifi yake amekaa nje gizani, itakuwaje amwambie rudi? Sisi visiwani twaujua muhali kwa ubaya wake, namna unavyotufanya tukope ili tuchangie harusi, au tukubali mgeni siku tusiyomweza. Hapa unafanya kazi njema. Uamuzi wa kutoka umefanywa usiku, na mtu aliyeshiba na mwenye akili timamu, na yule mvivu wa alfajiri hapewi nafasi ya kuujadili upya.

Lakini muhali huo haushiki mpaka ahadi iwe na saa na mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya tofauti ya kukusudia jambo na kupanga ni lini, wapi na vipi utalifanya. Wanaopanga namna hiyo hutimiza zaidi kuliko wanaokusudia tu. Kwetu tofauti hiyo imo ndani ya inshaallah. Ipo inshaallah ya mtu aliyekwisha kutega saa, na ipo inshaallah ya kukwepa bila kumvunja mtu moyo, na sote twazitambua kwa sauti. Mwenzako akikujibu "inshaallah tutaonana" bila ya kutaja saa, lala usingizi wako.

Wanaosali alfajiri kwa jamaa wana nafuu kubwa hapa. Wameshaamka, wameshatia udhu, wameshatoka nje, na wenzao wako safu moja nao. Kilichobaki ni kubadilisha viatu. Zaidi ya hayo, tuko karibu na ikweta, na mawio ya jua Unguja hayapishani kwa mwaka mzima ila kwa zaidi kidogo ya nusu saa. Makubaliano ya Januari yanaweza kufaa Julai bila ya kubadilishwa, jambo ambalo mkimbiaji wa London hana.

Tuje barabarani. Hapa ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu kuwepo kwa mtu pembeni yako kunafanya zaidi ya kazi moja.

Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani alizipitia rekodi za mashindano ya baiskeli akaona kwamba waendeshaji walioshindana na wenzao, au waliokuwa na mtu wa kuwavuta, walikuwa na kasi kuliko walioshindana na saa tu. Wakati huo hakukuwa na maelezo mazuri. Mwaka 1965 Robert Zajonc alitoa maelezo ambayo bado yanatajwa: kuwepo kwa watu kunauamsha mwili, na mwili ulioamka hufanya vizuri zaidi lile ulilolizoea, na vibaya zaidi lile usilolizoea. Sehemu hiyo ya pili husahauliwa. Mzoefu akipita mbele ya watu huongeza mwendo bila kujijua. Anayeanza hupata tabu, mikono haijui iende wapi, pumzi inakatika mapema, na kwetu mitaani kuna baraza zenye macho na midomo: "Unakimbia nini, nani kakufukuza?" Mwanamke mtu mzima anayeanza mbio huyajua maneno hayo vizuri. Kwake yeye mwenzake si wa kumuongezea kasi, ni wa kugawana naye yale macho. Watu wawili wakipita barazani wanakuwa watu wa mazoezi. Mmoja akipita ni kioja.

Jambo la pili liligunduliwa Berlin. Mwaka 1926 Otto Köhler alichukua wanachama wa klabu ya kupiga makasia, akawapa vyuma vya kunyanyua mpaka mikono ichoke, kwanza kila mtu na chuma chake, kisha wawili kwa chuma kimoja kizito zaidi ambacho mmoja akichoka kazi imekwisha kwa wote. Yule dhaifu alidumu zaidi akiwa na mwenzake kuliko akiwa peke yake, hasa pale tofauti ya nguvu zao ilipokuwa ya wastani. Ikiwa wako sawasawa, hakuna cha kufukuzia. Ikiwa tofauti ni kubwa mno, dhaifu hukata tamaa. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hili kwa wanawake waliopanda baiskeli ya mazoezi huku wakimwona kwa video mwenzao waliyeambiwa anawazidi. Walidumu karibu maradufu ya wale waliokuwa peke yao, na mwenyewe huyo wa video hakuwa akiwaona wala kuwasubiri.

Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, alilionesha jambo kama hilo kwa upande wa mbele. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, mwaka 1974, alichomoka tangu mwanzo wa mita 1,500 akaongoza mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia. Aliyekuwa akimfukuza, John Walker wa New Zealand, alikuwa wa pili, na yeye pia akamaliza chini ya rekodi ya zamani. Ameshindwa, lakini amekimbia kuliko mtu yeyote aliyewahi kukimbia kabla ya siku ile, isipokuwa huyo aliye mbele yake.

Sasa tazama kinachomsukuma yule dhaifu wa Berlin. Hataki kuwa yeye ndiye sababu ya kazi kusimama. Ni muhali ule ule, umehama kutoka kibarazani mpaka barabarani. Na barabarani si rafiki tena.

Mtu anayeanza, mapafu na moyo wake huzoea mapema kuliko mifupa na mishipa inayoshika misuli. Wiki ya tatu pumzi imetengemaa, anajiona yuko tayari, na mwenzake yuko hatua tano mbele. Kuomba apunguze anaona haya. Anavumilia. Ugoko unaanza kuuma, anavumilia, mpaka siku ngazi za nyumbani zinamshinda, na hapo mazoezi yamekwisha kwa miezi. Ukimuuliza kwa nini hakusema, atakwambia: "Sikutaka kumrudisha nyuma." Mwenzake naye, ukimuuliza, huenda akakwambia alikuwa akikimbia kasi ile kwa kuwa alidhani huyu ndiye anayeitaka. Nimeona watu wawili wakichoshana kwa adabu namna hiyo, kila mmoja akimstahi mwenziwe.

Dawa yake ni mazungumzo, na nasema mazungumzo kama kipimo. Kwa mbio za afya, mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Ukiwa huwezi kusema ila neno moja moja, umeingia kwenye kazi nzito. Kazi hiyo ina siku zake, lakini si kila siku, na si kwa aliyeanza juzi. Mkimbiaji wa peke yake kipimo hiki hukisahau kwa kuwa hana wa kusema naye. Wawili wanacho bure. Basi iwe sheria tangu siku ya kwanza: anayekwenda pole ndiye anayetangulia, na mwendo ni wake. Ikiwa soga imekufa na mmoja anaitikia "mm" tu, mwenye nguvu apunguze bila ya kuombwa, kwa sababu kuombwa hataombwa.

Wakati wa kaskazi sheria hii si ya adabu tena. Disemba mpaka Machi joto huja na unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Aliyezidiwa na joto mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Mwenzake ataona kabla: maneno yamepungua, hatua zinayumba, anasema anasikia baridi na jua limeshapanda. Hapo mbio zimekwisha, ni kivuli, maji na kumpepea, na akianza kuchanganyikiwa ni hospitali. Nadhani sababu hii peke yake inatosha kumfanya mtu wa makamo, mwenye presha, asikimbie peke yake mwezi wa Februari.

Pemba wana tatizo ambalo Unguja mjini hatulijui sana, la milima. Kisiwa ni cha vilima na mabonde, na watu wawili waliokuwa sawasawa bondeni wanaachana mlimani. Kung'ang'ania kwenda pamoja kunamchosha mmoja na kumpooza mwingine. Kuna njia nyepesi: kila mtu apande kwa pumzi yake, aliyefika juu asisimame kungoja huku mwili unapoa, ateremke kumchukua mwenziwe wamalizie pamoja. Mwenye nguvu amepata kilima kimoja na nusu, mwenye pole hakuachwa.

Na vikundi? Zanzibar hatuna uhaba navyo. Vikundi vya mazoezi viko kila upande, na fulana zao, firimbi, na mchakamchaka wenye nyimbo, na tarehe 1 Januari ya kila mwaka ni siku ya mazoezi ambapo hukusanyika pamoja na viongozi wakatembea nao. Mtu anaweza kudhani kwamba ikiwa mwenzako mmoja anakufaa, basi wenzako hamsini watakufaa mara hamsini. Haiwi hivyo. Maximilien Ringelmann, mhandisi Mfaransa, alipima watu wakivuta kamba na katika maandishi yake ya mwaka 1913 akaonesha kwamba kadiri wavutaji wanavyozidi, ndivyo mvuto wa kila mmoja unavyopungua. Katika kikundi kikubwa hakuna aliyekaa kibarazani kwako. Usipokwenda, firimbi inapigwa vile vile, na pengine watakuuliza wiki ya pili. Muhali umegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja amepata chembe.

Kikundi kina lake, hata hivyo, ambalo wawili hawana. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia baada ya kufanya mazoezi peke yao na baada ya kufanya kwa pamoja, kazi ikiwa ile ile. Waliofanya pamoja walistahimili maumivu zaidi, na watafiti walilihusisha jambo hilo na kemikali za mwili zinazotuliza maumivu, zile zile zinazompa mtu furaha baada ya mbio. Aliyepita mchakamchaka skuli au jeshini anajua: hatua moja, wimbo mmoja, na umefika mbali kuliko ulivyodhani. Wimbo pia ni kipimo, kwani kikundi kinachoimba hakiwezi kuwa kinakimbia kasi ya kuwaumiza watu wake. Mimi ningemshauri mtu aingie kikundi kwa furaha hiyo, lakini ndani ya kikundi awe na mmoja wake, wa kumkoholea.

Mmoja huyo awe nani? Watu hutafuta aliye hodari. Mwaka 2017 Sinan Aral na Christos Nicolaides walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya milioni moja duniani waliokuwa wakirekodi mbio zao kwa vifaa na kuoneshana. Shida ya uchunguzi kama huu ni kujua kama marafiki wanaambukizana, au ni watu wanaofanana tangu hapo ndio waliochaguana. Wao waliitumia mvua. Rafiki yako wa mji mwingine akinyeshewa hakimbii. Wewe kwako kukavu. Ikiwa siku hiyo na wewe unapunguza, mvua ya kwake imekufikia kupitia kwake, wala haiwezi kuwa sababu nyingine. Na ndivyo walivyoona: mbio huambukiza. Kilichonivutia zaidi ni upande wa maambukizo. Wasiokimbia sana waliwasukuma wanaokimbia zaidi, kuliko kinyume chake. Mtu huongeza mwendo akimwona aliyekuwa nyuma yake anamkaribia. Na wanaume walisukumwa na wanaume na wanawake, ila wanawake walisukumwa na wanawake wenzao tu. Hao ni watu wa vifaa na intaneti, si kila mtu, lakini hilo la mwisho halitamshangaza mwanamke wa Kizanzibari, ambaye mwenzake wa mbio ni shoga yake, wifi yake au dada yake, na asipopata mmoja kati yao huwa hakimbii kabisa.

Kwa hiyo ukichagua, chagua anayefika kwa wakati. Kasi itafuata au isifuate. Mwenzako hodari anayechelewa robo saa kila siku amekuondolea kile kile ulichomtafutia, kwa sababu mara ya tatu na wewe utachelewa makusudi, na mara ya sita hamtoki nyote.

Wanaokimbia pwani, Paje na Jambiani, wana jambo moja zaidi la kukubaliana: saa zao si za ukutani. Mchanga mgumu wa kukimbilia hupatikana maji yakitoka, na maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi jioni, na anayetoka wakati huo atakimbia kwenye mchanga wa juu unaomeza miguu na kuumiza vifundo. Wiki moja baadaye, saa hizo hizo, maji yako nje. Waliozaliwa pwani hawahitaji kuambiwa. Wanaohamia kutoka mjini ndio huona wenzao wamebadilisha saa wakadhani wametengwa. Wapatane kwa maji, wasipatane kwa saa.

Ramadhani inavunja ratiba zote, na wengi wanaoacha huacha hapo. Wapo wanaotoka saa ya mwisho kabla ya magharibi, mwendo mwepesi sana, ili wamalizie kwenye maji na tende. Wapo wa baada ya tarawehe. Wawili wasiopatana saa ya Ramadhani kabla mwezi haujaandama hupotezana mpaka Mfunguo Mosi, na kuanza upya ni kugumu kuliko kupunguza.

Jambo hilo linagusa udhaifu mkubwa wa mpango mzima: mwenzako akisafiri, umesimama. Ana harusi Dar, ana mgonjwa, amejifungua. Utafiti wa London wa mwaka 2010, ulioongozwa na Phillippa Lally, ulikuta kwamba jambo jipya lilichukua siku 66 kwa wastani kuwa mazoea, kwa mwingine 18 na kwa mwingine 254, na kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Katika miezi hiyo ya mwanzo, ni bora kila mmoja awe na siku moja ya wiki anayotoka peke yake, hata kama ni nusu ya njia, ili miguu ijue kwamba mlango hufunguka bila ya kikohozi cha mtu.

Halafu kuna kuachana kwa kheri. Mmoja alianza kwa ajili ya sukari, na dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha chini kwa mtu mzima, zinamtosha. Mwingine mwili umemkubali, sasa anataka kilomita 21. Hakuna aliyekosa, lakini muhali utawafanya waendelee kuburutana, mmoja akichelewa kwa makusudi na mwingine akikimbia kwa uchungu, mpaka waanze kukwepana hata dukani. Ugawaji wa siku unatosha, na ujumbe wake si mrefu: "Shoga, Jumatatu na Alkhamisi tuko pamoja kama kawaida, mwendo wako. Jumamosi nakwenda masafa marefu, usinisubiri." Utume baada ya isha, kabla mwenzako hajatega saa.